Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani: mwongozo kamili wa kumpata kwa bei ya chini Marekani

Bata mzinga wa paundi 14 anaweza kuuzwa dola 7 duka hili na dola 28 duka la mtaa wa pili, wiki ileile. Wengi wanaolipa bei ya juu walitafuta kweli. Waliona tangazo zuri, wakaenda, na huko ndiko walikokutana na masharti ya kuponi, friza iliyojaa nyumbani, au bata aliyekuwa bado jiwe asubuhi ya sikukuu.

Sikukuu huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 26, na tarehe zote hapa chini zinafuata mwaka huo. Bei zilizo kwenye mifano ni za kufanyia hesabu tu. Weka za mji wako. Paundi moja ya uzito ni takriban gramu 454.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vipeperushi vya bei vya maduka matatu au manne yaliyo karibu nawe, vya karatasi au vya kwenye simu. Programu ya Flipp hukusanya vipeperushi vya eneo lako ukiingiza namba ya posta.
- Akaunti ya mteja kwa kila duka linalodai kadi. Ni bure, na mara nyingi namba ya simu inatosha.
- Risiti zako za chakula za mwezi uliopita. Usizitupe, hesabu ya hatua ya 4 inazitegemea.
- Futi ya kupimia, kwa ajili ya friza na friji.
- Sinia pana lenye kingo, au beseni.
- Kipimajoto cha nyama.

## Hatua ya 1: Jua unahitaji paundi ngapi

Kipimo cha kawaida ni paundi 1 ya bata mzima kwa kila mlaji, au paundi 1 na nusu ukitaka kibakie cha kesho. Uzito huo unajumuisha mifupa na maji. Nyama iliyoiva huwa karibu nusu yake.

Sasa punguza. Kipimo hicho kiliwekwa kwa meza ambayo bata ndiye mfalme. Kama siku hiyo kutakuwa na pilau, nyama ya mbuzi, sambusa na kachumbari, wageni wengi watakata kipande kimoja cha bata kwa heshima ya siku, kisha warudi kwenye pilau. Hesabu wanaokula bata kwa dhati. Watu 12 wenye meza ya namna hiyo wanatoshwa na bata wa paundi 10 hadi 12.

Mkiwa chini ya watano, tazama kifua pekee au mapaja. Bei yake kwa paundi ni kubwa kuliko ya bata mzima, lakini huendi kulipia nyama itakayoishia kwenye takataka.

Tahadhari: soma ofa inahusu uzito gani. Maduka mengine hutoa bei ya chini kwa bata wa paundi 10 hadi 14 pekee, au wa 16 kwenda juu. Ukichukua aliye nje ya uzito huo, mashine itasoma bei kamili.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili kwenye karatasi, uzito wa chini na wa juu utakaoukubali.

## Hatua ya 2: Pima friza na friji kabla ya kuangalia bei

Ofa nzuri za bata waliogandishwa huanza wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu. Bila nafasi kwenye friza, utalazimika kusubiri hadi siku za mwisho, wakati wa bei ya chini wameshaisha na waliobaki ni wale wasiogandishwa, ambao ni ghali.

Bata wa paundi 14 anachukua nafasi ya mpira wa kikapu au zaidi kidogo. Pima upana, kina na kimo cha nafasi uliyo nayo. Anza kula vilivyomo tangu mwanzo wa Novemba: ule mfuko wa samaki, yale maharage uliyochemsha na kugandisha. Rafu ya chini ya friji nayo ipimwe, kwa sababu bata atakaa hapo siku nne akiyeyuka.

Ukikosa kabisa nafasi, omba kona ya friza kwa ndugu au jirani sasa, kabla hawajanunua wa kwao.

## Hatua ya 3: Elewa kwa nini bei inashuka wakati kila mtu anataka

Kwa kawaida bidhaa inayotafutwa na wote hupanda bei. Bata aliyegandishwa hufanya kinyume, kwa sababu ni chambo. Duka linamuuza kwa faida ndogo au hata kwa hasara likijua kwamba aliyekuja kwa ajili yake ataondoka pia na siagi, viazi, krimu, soda na pai.

Ushahidi upo kwenye takwimu. American Farm Bureau Federation, shirika la wakulima linalopima gharama ya mlo huu kila mwaka tangu 1986, lilikuta bata wa paundi 16 akigharimu wastani wa dola 28.96 mwaka 2022, dola 27.35 mwaka 2023, dola 25.67 mwaka 2024 na dola 21.50 mwaka 2025. Mwaka huo wa 2025 bei ya jumla ya bata ilikuwa imepanda, na homa ya mafua ya ndege ilikuwa imepunguza mifugo. Bado bei ya rafuni ilishuka, kwa sababu maduka yalikuwa yanagombania wateja.

Kwa hiyo usibabaishwe na habari za uhaba zinazotoka Oktoba. Na usiamini kwamba bata wa bei poa ndiye mwisho wa hesabu, maana duka limepanga kurudisha pesa yake kwenye kapu lako.

## Hatua ya 4: Kusanya bei, kisha tafuta bei ya kweli

Maduka mengi hubadilisha kipeperushi mara moja kwa wiki, aghalabu Jumatano, mengine Ijumaa au Jumapili. Anza kufuatilia wiki ya kwanza ya Novemba. Kwa kila duka andika mambo manne: bei kwa paundi, uzito unaohusika, sharti la manunuzi, na tarehe ya mwisho.

Ofa huja kwa sura tatu, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Tuchukue bata wa paundi 14.

Bei ya wazi, bila sharti. Senti 97 kwa paundi. Mara 14 ni dola 13.58. Hii ndiyo bei yako ya kulinganishia, na ofa nyingine zote zipimwe kwake. Walmart ilitangaza bata wa chapa ya Butterball kwa bei hiyo ya senti 97 mwaka 2025.

Bei ya chini ukinunua vitu vingine. Senti 49 kwa paundi ukinunua bidhaa za dola 35. Bata ni dola 6.86, na inaonekana umeshinda. Sasa toa risiti zako za zamani. Kama vitu vilevile unavyonunua kwa dola 35 hapa ungevipata kwa dola 29 kwenye duka lako la kila wiki, umeongeza dola 6. Bei ya kweli ni dola 12.86. Tofauti na ile ya wazi ni senti 72, haitoshi hata mafuta ya gari.

Bata wa bure. Minyororo ya maduka, hasa ya majimbo ya mashariki kama ShopRite, huwapa bata wa bure wateja waliofikisha kiasi fulani cha manunuzi kwenye kadi kati ya Oktoba na Novemba, kwa mfano dola 400. Kama familia yako hununua hapo kiasi hicho kila mwezi, ni bure kweli, mchukue. Kama kawaida yako hapo ni dola 250, zile 150 za kuongeza utazihamisha kutoka duka la bei nafuu ambako zingekuwa dola 130. Bata wa bure amekugharimu dola 20, yaani zaidi ya yule wa bei ya wazi.

Kanuni ni hii: *bei ya kweli = bei ya bata + ziada uliyolipa kwenye vitu vingine + mafuta ya safari*.

Tahadhari: mara nyingi pombe, sigara, bahati nasibu, stempu na kadi za zawadi hazihesabiwi kwenye sharti la manunuzi. Na usijiunge na klabu ya ununuzi kwa sababu ya bata tu. Uanachama wa kawaida wa Costco ni dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Huwezi kuzirudisha kwa ndege mmoja. Kama tayari ni mwanachama, hilo ni jambo jingine.

Umefaulu ukiwa na: maduka mawili, la kwanza na la akiba, kila moja na bei yake ya kweli.

## Hatua ya 5: Soma lebo ujue unalipia nini

Maji ya chumvi. Tafuta maandishi madogo yanayosema bata ana mchanganyiko wa maji na chumvi wa asilimia kadhaa, mara nyingi hadi 8. Kwenye bata wa paundi 14, hiyo ni kama paundi moja ya maji yaliyouzwa kwa bei ya nyama. Si ulaghai, na husaidia nyama ya kifua isikauke. Lakini ukilinganisha bata wawili wa bei moja, mwenye maji kidogo ana nyama zaidi. Mwenye maji ya chumvi usimloweke tena kwenye chumvi nyumbani, hataliwa.

Fresh (asiyegandishwa) na frozen (aliyegandishwa). Kwa kanuni za USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, bata anayeitwa fresh hajawahi kushushwa chini ya nyuzi 26 za Fahrenheit (karibu -3 Selsiasi). Haina maana kwamba amechinjwa jana. Unalipa zaidi ili usihangaike kuyeyusha, na ofa za chambo humhusu mara chache. Anatakiwa kununuliwa siku moja au mbili tu kabla ya kupikwa.

Bila homoni. Sheria ya Marekani hairuhusu homoni kwa ndege wa nyama kabisa, wa bei ya juu na wa bei ya chini. Usitoe hata senti moja kwa ajili ya maneno hayo.

Natural. Maana yake nyama haikusindikwa sana wala kuongezwa rangi na viungo bandia. Haisemi chochote kuhusu namna bata alivyofugwa.

Grade A. Hii huhusu umbo: ngozi isiyochanika, viungo vilivyo kamili. Kama utamkatakata vipande kabla ya kupika, alama hiyo haikuongezei utamu.

### Ukihitaji bata wa halali

Usidhani kwamba bata wa chambo wa supamaketi ni wa halali bila kuona cheti, kwa hiyo hesabu yako ni tofauti. Nenda kwenye bucha la halali mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu huagiza idadi ndogo kulingana na oda. Uliza anachinjwa kwa mkono au kwa mashine, nani ametoa cheti, bei ni kwa paundi au kwa ndege mzima, na utapewa uzito gani. Swali hilo la mwisho lina pesa: mwenye kuagiza bata wa paundi 12 akaletewa wa 19 hulipa wa 19.

Familia tatu au nne za msikiti mmoja zikiagiza pamoja zina nafasi ya kuomba punguzo. Bei ikigoma, linganisha na kuku wawili wakubwa wa halali. Mezani watu watakula vilevile.

## Hatua ya 6: Siku ya kununua

Nenda asubuhi ya siku ya kwanza ya kipeperushi. Bata wa uzito wa kati ndio huisha mapema, na baada ya siku mbili utakuta wadogo sana au wa paundi 22.

1. Kabla hujatoka nyumbani, washa kuponi ndani ya programu ya duka. Kuponi nyingi za simu hazifanyi kazi mpaka ubonyeze kuichagua. Hili ndilo kosa linaloongoza kaunta.
2. Chukua bata wa chini kwenye friza la duka, aliye mgumu kama jiwe. Aliye juu amefunguliwa mlango mara mia.
3. Kagua mfuko. Uliochanika, au wenye barafu nyekundu iliyoganda chini, unaonyesha bata aliyeyuka akagandishwa tena. Mwache.
4. Soma uzito halisi. Ofa inapokuwa kwa paundi, chagua karibu na uzito uliouandika hatua ya 1. Ofa ikiwa ya bure au ya bei moja kwa ndege, chukua mkubwa kadiri unavyoruhusiwa na friza lako.
5. Kaunta, mtangulize bata na uangalie skrini inavyosoma. Kwenye baadhi ya maduka punguzo huonekana mwisho kabisa, baada ya namba ya simu kuingizwa.
6. Soma risiti kabla hujatoka mlangoni. Bei ikikosewa, nenda meza ya huduma kwa wateja ukiwa na kipeperushi.

Mara nyingi ofa ni ndege mmoja kwa kila kadi. Mume na mke wenye akaunti tofauti wanaweza kuchukua wawili, kila mmoja na malipo yake.

Wakiwa wameisha, uliza kama duka linatoa hati ya kuhifadhi bei hadi mzigo mwingine ufike. Si maduka yote yanayotoa kwa bata, lakini kuuliza hakulipiwi. Uliza pia siku ya mzigo.

Wenye kadi ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali: bata mbichi, aliyegandishwa au la, ananunulika. Aliyepikwa na kuuzwa akiwa moto hanunuliki, wala ndege aliye hai.

## Hatua ya 7: Myeyushe kwa wakati, la sivyo utanunua wa pili

Hatua hii inaonekana ni ya jikoni, lakini ndiyo inayoharibu akiba yote. Bata akiwa barafu Alhamisi asubuhi, mtu hukimbilia duka lililo wazi na kununua chochote kwa bei yoyote.

Ndani ya friji, hesabu saa 24 kwa kila paundi 4 hadi 5:

| Uzito | Friji | Maji baridi |
|---|---|---|
| paundi 4–12 | siku 1–3 | saa 2–6 |
| paundi 12–16 | siku 3–4 | saa 6–8 |
| paundi 16–20 | siku 4–5 | saa 8–10 |
| paundi 20–24 | siku 5–6 | saa 10–12 |

Bata wa paundi 14 aingie kwenye friji Jumapili tarehe 22, akiwa ndani ya mfuko wake, juu ya sinia, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee mboga. Friji iwe nyuzi 40 za Fahrenheit (4 Selsiasi) au chini. Akiyeyuka mapema anaweza kubaki humo siku moja au mbili zaidi bila madhara.

Kwa maji baridi, mzamishe akiwa kwenye mfuko usiovuja, badilisha maji kila nusu saa, na umpike mara moja akishayeyuka.

Tahadhari: usimwache juu ya kaunta wala gereji usiku kucha, hata kama nje kuna theluji. Ngozi hupata joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado ni barafu.

Umefaulu ukiona: miguu inacheza, na mkono wako unaingia tumboni mwa bata bila kukutana na barafu. Utoe ule mfuko mdogo wa maini na shingo. Nao umeulipia, utafaa kwa mchuzi.

Na kama ni Alhamisi asubuhi na bado ni barafu, usinunue mwingine. Bata aliyeganda anaruhusiwa kuingia ovenini moja kwa moja. Atachukua muda wa angalau nusu zaidi ya kawaida. Akishalegea, vuta ule mfuko wa ndani kwa koleo. Kipimajoto kisome nyuzi 165 za Fahrenheit (74 Selsiasi) sehemu nene ya kifua, kwenye paja na karibu na kiungo cha bawa. Kumkaanga kwenye mafuta mengi akiwa na barafu ni marufuku: mafuta hufoka na kuwaka moto.

## Hatua ya 8: Mnunue wa Krismasi sasa

Ndege mbichi mzima anayekaa nyuzi 0 za Fahrenheit (-18 Selsiasi) hubaki na ubora wake hadi mwaka mmoja. Ukiwa na nafasi, chukua wawili kwenye ofa ya Novemba.

Pita pia dukani Ijumaa na Jumamosi baada ya sikukuu. Maduka yaliyoagiza kupita kiasi huweka alama ya punguzo kwa wa barafu, na wale wasiogandishwa ambao tarehe yao inakaribia hushushwa zaidi. Hao wa pili ukiwanunua, wapike au wagandishe siku hiyohiyo. Lakini usiitegemee safari hii kama mpango mkuu, kwa sababu duka lililouza wote halina cha kushusha.

## Kama bajeti haifiki kabisa

Piga 2-1-1. Ni namba ya bure ya huduma za jamii, na wana orodha ya benki za chakula, makanisa na vituo vinavyogawa bata au mlo mzima. Piga mwanzoni mwa Novemba, kwani vituo vingi hudai kujiandikisha kabla na hufunga orodha wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe. Sema lugha unayotaka. Unaweza kuomba mkalimani.

## Kwa walio Kanada

Hatua ni zilezile, ila kalenda husogea. Sikukuu huko ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, mwaka 2026 tarehe 12, hivyo anza kufuatilia vipeperushi katikati ya Septemba. Angalia bei imeandikwa kwa kipimo gani: aghalabu bei kwa paundi huwa kwa herufi kubwa na bei kwa kilo kwa herufi ndogo, na kilo moja ni paundi 2.2. Duka la pili likiandika kwa kilo pekee, gawanya kwa 2.2 kabla ya kulinganisha. Maduka ya bei nafuu kama No Frills na FreshCo yamekuwa yakikubali kufuata bei ya mshindani ukionyesha kipeperushi chake. Uliza kaunta kama bata aliyegandishwa amo kwenye mpango huo na kama kuna kikomo cha idadi.